Umri wa Commandant Merdi

Mimi mwenyewe sivuti, wala wavutao siwapendi, lakini biashara ni biashara. Kaka yangu Omer alinitumia kutoka Butembo katoni ya sigara za umeme, zile zinazotoa moshi wenye harufu ya ndizi. Kila moja ilikuja imefungwa: haitoi moshi mpaka simu iitazame sura ya mnunuzi na kuridhika kwamba ametimiza miaka kumi na minane. Ikiridhika, inawaka kijani. Isiporidhika, inawaka nyekundu, na sigara inabaki kijiti cha plastiki.

Nilicheka nilipoelezwa. Kitshanga hii ya Kongo, ambako watoto wa kambi ya wakimbizi wanalala wakisikia risasi, kuna mtu huko mbali ameumiza kichwa wasije wakadhurika na moshi! Nilimwambia Omer kwamba aliyebuni kitu hicho aje kwanza alale kwangu wiki moja.

Kicheko kiliniisha siku pikipiki mbili zilipozima injini mbele ya duka, mchana kweupe. Wateja wangu waliyeyuka wote. Akaingia Commandant Merdi, kamanda wa waasi wa mlimani. Tulimjua kwa jina na kwa ile sauti yake nzito. Sura hatukuijua, maana alitembea amejifunga kitambaa mpaka chini ya macho. Alipewa cheo mkuu wake alipouawa upande wa Walikale, na watu walisema Floribert, mzee wa kikosi aliyeingia nyuma yake, hajapata usingizi tangu siku hiyo, kwa kuwa alikitaka yeye.

"Mama Kaswera, nipatie ile sigara ya umeme."

Ningempa duka zima. Lakini sigara ilikuwa imefungwa, na hofu ikanifanya niseme kweli. "Commandant, simu inapashwa kuona sura yako kwanza. Bila ile, haifunguke."

Alisita. Watu wake walikuwa wakimtazama. Akashusha kitambaa.

Mungu wangu! Kidevu kilikuwa laini kama cha binti yangu. Niliinua simu, nikaielekeza usoni pake. Nyekundu.

"Inasema nini?"

"Ni réseau, Commandant. Mutandao iko mubaya leo."

Floribert akaninyang'anya simu. Yeye amesoma. Akatamka polepole, kama mtu anayeonja mchuzi: "Refusé. Âge estimé: quinze ans." Imekataa; inamkadiria miaka kumi na mitano.

Nilimwona askari mmoja akiuma mdomo asicheke. Merdi akaninyooshea bunduki.

"Mashine yako inasema miye niko mutoto?"

"Inadanganya, Commandant! Iko mubovu!"

"Basi tuipime," akasema Floribert, akanielekezea simu. "Mama, uko na miaka ngapi?"

Niliuona mtego. Nikitaja umri wangu wa kweli, nayo simu ikaafiki, basi simu itakuwa mkweli, Merdi atakuwa mtoto mbele ya watu wake, na mimi nitakuwa maiti. Nimezaa watoto sita. Magoti yananiuma mvua ikikaribia.

"Ishirini na saba," nikasema.

Floribert alisoma, akakunja uso. "Quarante-deux."

Arobaini na miwili: ilikuwa sawasawa kabisa, shetani yule.

"Munaona?" nikapiga kelele. "Inanizeesha! Inanifanya tate, bibi kizee ya watu! Na Commandant inamufanya kitoto!"

Askari walizitazama mvi zangu, wakautazama mtutu wa bunduki ya Merdi. "Njo, ni kweli," mmoja akasema. "Mashine iko mubovu." Wenzake wakaitikia haraka haraka. Floribert akanirudishia simu. Merdi akawaamuru watoke wote, akausukuma mlango kwa mguu.

Nilijua nimekwisha. Lakini alishusha bunduki, na ile sauti nzito ikashuka nayo.

"Mama, kweli uko na ishirini na saba?"

Sikuwa na nguvu ya uongo mwingine. "Hapana. Niko na quarante-deux."

Akatazama sakafu. "Walinikamata kule Nyamitaba, nikichunga ngombe. Sikukuwa najua hesabu. Waliniambia niko mukubwa, njo nikakubali." Kisha akaniangalia usoni. "Basi ni kweli, niko mutoto?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni: ndiyo, mwanangu. Lakini katika upenyo chini ya mlango niliona viatu vya Floribert. Hakuwa ameondoka. Alikuwa akilingoja neno hilo hilo, nalo likitoka tu, Merdi hatauvuka mlima ule akiwa hai. Woga wangu wote, niliokuwa nao kwa ajili ya roho yangu tangu waingie, ukahamia kwa mtoto yule.

"Weye?" nikapaza sauti, nikajilazimisha kucheka. "Weye uko mwanaume muzima, Commandant! Batu bote banajua!"

Na huku nasema, nikamwonyesha mlango kwa kidole.

Akageuka, akaviona viatu. Midomo ilimtetemeka, akaikaza. "Aksanti, Mama," akasema bila kutoa sauti.

Akatoka akiwafokea watu wake. Floribert, ambaye angeweza kumzaa, alisogea kando akampisha, akampigia saluti huku akitabasamu, kama mtu ambaye bado anangoja.