IC ya Kimya

Mimi mambo ya mizimu siyapendi, na sipendi kuitwa kwenda kuyatengeneza. Ndiyo maana Faustina aliponipigia kutoka Iringa akaniambia, "Shemeji, amplifaya ya marehemu inaita," nilimjibu kwa ukali ambao hakustahili. Nikamwambia amplifaya haiiti, inaunguruma, na ikiunguruma kuna waya umelegea mahali. "Njoo usikie mwenyewe," akasema. "Usipokuja, Jumamosi nachukua watoto naenda kwetu Mgololo. Mama mkwe nitamwacha na nyumba yake."

Marehemu ni Joachim, mume wake na rafiki yangu. Tulijifunza kuchomea bodi za redio kwenye kibanda kimoja pale Mwanjelwa, Mbeya, kabla hajaoa akarudi kwao Iringa na kuanza kubeba vitunguu vya Ruaha Mbuyuni kupeleka sokoni. Mwezi wa tatu gari lilipinduka naye mlima Kitonga. Nilishika jeneza upande wa kichwa.

Amplifaya yenyewe tuliiunda pamoja. Ukifungua amplifaya ya kujitengenezea utaona IC kubwa, ile chipu nyeusi, imefungwa kwenye bati la kupooza joto. Hiyo ndiyo inayosukuma spika. Lakini kabla yake kuna kadude kadogo ka miguu minane, opampu, kanakopokea sauti ikiwa bado dhaifu na kuikuza. Watu hela yote wanamalizia kwenye ile kubwa, halafu hapo mlangoni wanachomeka takataka yoyote. Upuuzi mtupu! Sauti ikishachafuka mlangoni, ndani utaisafisha na nini? Joachim alitaka opampu namba 4558, eti sauti yake ina joto. Mimi nilitaka TL072. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Akashinda, si amplifaya ni yake bwana, ila nilimlazimisha aweke soketi, ili siku akitia akili aibadilishe bila kuchomea upya.

Basi nikafungasha opampu zangu, zile orijino, siyo hizi feki zinazokwanguliwa maandishi na kuandikwa upya, nikapanda basi la Iringa.

Nyumbani kwao Kihesa nilimkuta mama yake Joachim, mama Apolonia, ameketi barazani anachambua maharage. "Kamwene, mwanangu," akanisalimia Kihehe, akanishika mkono muda mrefu. Alikuwa amekonda, jamani. Kisha akainuka akaingia chumbani kwake.

Faustina alinikalisha sebuleni. Mabegi yalikuwa yamepangwa ukutani.

"Unakumbuka Joachim akiwa safarini alikuwa anapiga kila siku saa kumi jioni?" akasema. "Simu yangu kabla haijaita, spika ilikuwa inatangulia. Tatata-tata, tatata-tata. Watoto wanaruka, 'Baba huyo!' Sasa tumemzika, shemeji, na saa kumi spika bado inalia vilevile. Halafu simu haiiti. Mzee wa kanisa kaja kaomba, kaondoka, kesho yake ikalia. Mwanangu mdogo analala na viatu, anasema baba anakaribia kufika. Nitakaa humu hivi mpaka lini?"

Nikamweleza kwamba ule ni mlio wa simu tu. Simu ikitaka kuita huwa inazungumza kwanza na mnara, na 4558 ina masikio mepesi, inadaka yale mazungumzo. Nikamwambia apeleke simu zote kwa jirani, yake na yangu. Akapeleka. Tukakaa tunaitazama spika mimi na yeye.

Saa kumi ikalia. Tatata-tata, tatata-tata.

Nywele zilinisimama. Mimi, fundi, niliyetoka kutoa hotuba! Faustina alijifunika kanga usoni. Nikazima, nikachomoa 4558, nikaweka 5532, ambayo ni safi kuliko zote kwa muziki. Nikawasha. Ikalia tena, safi kabisa, kana kwamba Joachim yuko kwenye kona ya nyumba anatafuta salio. Nikawa namkasirikia marehemu bila sababu.

Nilipotulia nikaanza kufikiri. Kama mlio upo, basi kuna simu hai humu ndani. Na simu isipochajiwa inakufa, kwa hiyo kuna mtu anaichaji. Nikaufuata waya wa spika ya pili kwa macho. Joachim alikuwa ameuvuta kutoka sebuleni mpaka chumbani kwa mama yake, ili asikilize kwaya akiwa kitandani. Waya mrefu namna ile unanasa mawimbi kuliko nyavu.

"Hodi, mama."

Alikuwa ameketi kitandani na simu yake mkononi, ambayo sisi hatukuikumbuka, kidole gumba juu ya kitufe. Juu ya spika, ndani ya leso, kulikuwa na kitochi cha Joachim, kile kisimu chake kidogo. Mlio umezimwa. Taa inawaka na kuzima.

"Funga mlango," akasema. "Askari waliniletea hii pamoja na nguo zake."

"Mama, unamtisha mkweo. Anataka kuondoka na watoto."

"Sikutaka kumtisha." Akakata simu, na sebuleni mlio ukakoma. "Usinione mjinga, Gwakisa. Najua ni simu, najua kidole ni changu. Lakini ule mlio ulikuwa unasema anapiga. Ukilia, kwa kile kipindi kidogo kabla simu haijaita, mwanangu yuko njiani na mzigo wake, mzima. Hicho tu ndicho ninachotaka. Usimwambie Faustina, ataichukua."

Nikimwambia Faustina, wale wawili hawatasameheana. Nisipomwambia, Jumamosi anaondoka. Nikasema, "Nitanyamaza, mama," nikarudi sebuleni, nikaweka TL072. Yenyewe mlango wake umeundwa tofauti, mawimbi ya simu haiyashughulikii. Faustina akauliza ilikuwa nini. Nikamwambia IC ilikuwa mbovu. Uongo mweupe.

Nililala kwao. Kesho yake saa kumi ikafika, ikapita. Kimya. Faustina alicheka akashika kifua, akaburuta begi la kwanza kulirudisha chumbani. Mimi peke yangu ndiye niliyesikia vitufe vikibonyezwa upande wa pili wa ukuta, vikatulia, vikabonyezwa tena.

Mama Apolonia akatoka. Akasimama mbele ya spika, akaweka kiganja juu ya kitambaa chake, akanigeukia. Hakunilaumu. Afadhali angenitukana. Niliaga haraka, njia nzima mpaka Mbeya sikula kitu.

Haikupita wiki. Niko kibandani nachomea bodi ya mteja, simu yangu ikaita. Kwenye kioo imeandikwa Joachim.

Nilidondosha chuma cha kuchomea. Niliitazama ikiita mpaka karibu ikatike, ndipo nikapokea.

"Gwakisa." Ilikuwa sauti ya mama yake. "Nimebonyeza kijani mara mbili, ikaja kwako. Wewe ndiye mtu wa mwisho Joachim kumpigia."

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. "Watoto wanalala vizuri. Faustina hana tena habari ya Mgololo. Umefanya vema, sina neno. Lakini hapa kila ninayemuuliza ananiambia amepumzika, ametutangulia, amelala. Mimi nimepiga na kupiga, hakuna hata kelele. Sasa niambie wewe uliyemnyamazisha. Mwanangu yuko wapi?"

Maneno ya msibani ninayo mengi kama mtu yeyote. Nikayaacha yote.

"Joachim alikufa, mama," nikasema. "Alikufa Kitonga. Nilimwona kwa macho yangu, nikamfunika mwenyewe. Hapigi tena."

"Haya," akasema. Kisha akalia. Sijawahi kusikia mtu mzima akilia namna ile, na nilikuwapo mazishini siku mbili nzima. Nikashika meza. Nikasikia mlango wa kule ukifunguliwa, miguu ya mtu anayekimbia, na sauti ya Faustina.

"Mama! Mama, kuna nini? Hiyo simu ni ya nani?"

"Ya mume wako," mama Apolonia akamwambia. "Njoo ukae."