Vidole Kumi vya Mwalimu

...na usiniamini ukitaka, bisha, weka dau kabisa, lakini hizi nondo zinazomtenga afande na sisi wananchi nilizichomelea mimi, kwa mikono hii miwili, siku moja na nusu, bila miwani ya kukinga cheche, na ile ya nne kutoka kushoto iliyopinda kidogo haikupinda kwa bahati mbaya, niliipinda makusudi iwe saini yangu, kwa hiyo humu ndani mimi si mgeni, mimi nakaribia kuwa mwenye nyumba, nimekaa kwenye benchi magoti nimeyatanua, na kaka yangu, msomi wa familia, mwalimu aliyefundisha ng'ambo miaka minane, amesimama pale kaunta kakunja mkono wa shati kama mtu anayengoja sindano, legeza mkono, mwalimu, afande anasema, usinisaidie, niachie mimi, maana kaka anataka kukibingirisha kidole mwenyewe, ndivyo walivyo walimu, hata ukiwakamata watakuelekeza namna ya kufunga pingu... dole gumba la kulia limeshaonja wino, limelazwa kwenye kisanduku cha kwanza cha fomu, limeinuliwa, na pale limeacha kitu kama shamba lililolimwa na mlevi, mistari inazunguka, inagongana, inarudi ilikotoka, nami nanyoosha shingo nione vizuri, kwa sababu huyu mtu nimelala naye kitanda kimoja tangu utotoni, namjua anavyokoroma, najua kovu la goti lake lilitokana na baiskeli ya nani, lakini hilo shamba sijawahi kuliona, kumbe unaweza kula na mtu sahani moja miaka yote na usijue kilichochorwa kwenye ncha za vidole vinavyogombania nyama na vyako.

Kidole cha shahada, afande anasema, na rola yake inapita kwenye kibao cha wino, kwii, kwii, inahitaji mafuta, ningekuwa na kopo langu hapa ningeitia tone moja ikanyamaza... tuko hapa kwa sababu ile shule iliyomtaka kaka ina mkuu mwenye neno moja tu, vyeti, mwalimu akitoka nje ya nchi alete viwili, cha kule alikokuwa na cha hapa nyumbani, kwamba hana kosa la jinai, kwamba watoto wa watu watalala salama, na mimi nasema ni haki kabisa, hata mimi sinunui chuma bila kukigonga nisikie kinaliaje, kwa nini mwalimu asigongwe? Cha kule kilichukua wiki kumi na moja, kikaja na muhuri mwekundu na karatasi ya tafsiri nyuma yake, safi, cheupe, hata faini ya kuvuka barabara vibaya hana, nikamtania, kaka, miaka minane yote hukuiba hata kijiko? akasema niliiba chaki, dogo, usimwambie mtu. Cha nyumbani ndicho kilichotugeuka. Wiki iliyopita afande huyuhuyu alifungua mtambo wake, akakunja uso, akasema kuna kumbukumbu kwenye jina hili, akaisoma kwa sauti ya mtu anayesoma bei ya saruji, kumjeruhi mtoto kwa jiwe, uwanja wa mpira, majina yote matatu ya kaka, tarehe ya kuzaliwa ya kaka, mwaka uleule aliosafiri, na kaka akageuka rangi ya ukuta, akasema kwa ule upole wake wa kuudhi, labda ni mtu mwenye jina kama langu, afande akasema, na mama yake naye akamzaa siku hiyohiyo? watu kwenye foleni wakacheka, na mimi nikacheka, nilicheka kuliko wote.

Usikaze, mwalimu, kidole si cha kwako sasa hivi, ni cha serikali, na kaka anatabasamu kidogo, anasema samahani, afande, anaomba msamaha hadi kwa kidole... vikishachukuliwa hivyo kumi vinakwenda makao makuu vikalinganishwe na vile vilivyoko kwenye jalada, wiki sita, afande alituambia tulipoingia, sita kama hakuna likizo, na leo ni Jumatano, na mkuu wa shule amesema Ijumaa mchana, cheti kiwe mezani au nafasi aipate mwingine, ana barua za waombaji kumi na saba kwenye droo, na mwalimu ambaye jina lake limeandikwa karibu na neno mtoto na neno jiwe, hata akisafishwa baada ya wiki sita, nani atamwita tena? Njia fupi ipo moja, afande alisema, akajichekea mwenyewe, aliyefanya aje asimame hapa aseme ni mimi, nitachukua vidole vyake na maelezo yake na barua nitaiandika leoleo, lakini tangu lini mwizi akarudi dukani kudai risiti? Mimi nikasema, afande una maneno wewe, ungekuwa redioni. Kaka hakucheka. Aliniangalia. Hapana, hakuniangalia, aliangalia nondo ya nne, ile yangu, labda alikuwa anajiuliza fundi gani mjinga kaipinda.

Afande, nauliza kutoka benchini, maana kinywa changu hakijui kukaa bure, hivi kidole kikiungua, alama zinapotea? mimi fundi wa kuchomelea, angalia, dole gumba langu hili limeshaungua mara tatu, simu yangu yenyewe hainitambui, inanifukuza kama mwizi, na afande anasema bila kuinua macho, zinarudi, zinarudi? zilezile, mstari kwa mstari, labda uungue hadi kwenye mfupa, ngozi ina ubishi, kijana, kuliko wewe... zilezile. Naliangalia dole langu. Limetoka malengelenge, likabanduka, likaota jingine, nimeoga, nimekua, nimefunga mageti ya matajiri wawili na zahanati moja, na chini ya yote hayo ngozi ilikuwa inanakili, taratibu, kama mtoto mtiifu anayeandika kutoka ubaoni, kazi ambayo mimi sikuiweza, nilitoka shule nina miaka kumi na minne na sijutii, usinihurumie, nani mwenye geti na nani mwenye cheti... lakini najiuliza, kweli najiuliza, ile karatasi iko wapi sasa hivi, kwenye kabati gani, imegeuka njano? maana humo kuna dole langu na jina lake, kidole cha mdogo na majina matatu ya mkubwa, tumelazwa tena pamoja kama kile kitanda cha utotoni, na sasa vidole kumi vya kaka vinatumwa kwenda kututenganisha.

Ndiyo, mimi. Ulishajua. Usijifanye umeshtuka.

Ile hadithi naisimulia vizuri sana kwenye karakana, muulize yeyote, wananiambia rudia ile ya mbwa, nami narudia, siku ile nilikuwa nimesimama kando ya uwanja, akatokea mbwa mkubwa kama ndama, macho mekundu, watu wote wakakimbia, mimi peke yangu nikabaki, nikaokota jiwe, nikamlenga, mbwa akainama, jiwe likapita likampata kijana mmoja aliyekuwa nyuma, basi, ajali, mbwa akaenda zake na mimi nikaenda kituoni, na kila mwaka mbwa huyo anakua, mwaka juzi alikuwa na minyororo, mwaka jana alikuwa na mwenzake, na kwenye hadithi nasema askari waliniuliza jina nikawatajia la uongo, wanacheka, wanasema huyu mtoto wa mjini, na hakuna aliyewahi kuniuliza la uongo lipi. Mkono wa kushoto sasa, mwalimu. Kaka anapewa pamba yenye spiriti, anaupangusa mkono wa kulia, wino hautoki wote, unabaki kwenye mikunjo, vidole vitano vyeusi vya mtu aliyezoea kuwa na vidole vyeupe vya chaki... nilikuwa na miaka kumi na saba, ningesema umri wangu wangenipiga makofi mawili wakamwita baba, lakini nilisema ishirini na mbili, nikataja tarehe yake, siipotezi ile tarehe, Mama huipikia kila mwaka, ya kwangu huikumbuka kesho yake, na askari wa siku ile, mzee mmoja mwenye kalamu sikioni, akaniuliza, wewe ndiye yule unayekwenda kufundisha nje? mtaa mzima unakusema, na mimi nikanyoosha mgongo, nikasema ndiyo, mzee wangu, akanipa kiti. Alinipa kiti! Sijawahi kupewa kiti na askari kabla wala baada. Akaandika onyo, akachukua vidole, akasema kwa huzuni kama baba, mtu mwenye kichwa kama chako, mwalimu, unajiharibia kwa nini?

Na cheti cha kaka cha safari, cha kwamba hana kosa, kilikuwa kimeshatoka siku nne kabla ya hapo, safi, akapanda ndege, nikasema limekwisha, jina limepaa, limevuka mawingu na mwenyewe, nani ataliteremsha... Kidole cha kati. Hiki kina kovu, mwalimu? Kisu cha kumenyea, afande, zamani. Uongo. Ni mlango, nilimbania mimi nikiwa na miaka mitano, hata leo anasema kisu, miaka ishirini anasema kisu, hata kwa afande, hata kwenye fomu ya serikali... anajua? Haiwezekani ajue. Asubuhi Mama aliniambia mfuate kaka yako, akikaa peke yake anawaza sana, na njiani kaka alininunulia karanga, alinipa pakiti yote, na tulipofika mlangoni akasema, si lazima uingie, dogo, kama una kazi. Kama una kazi. Mtu anayejua husema hivyo, na mtu asiyejua pia husema hivyo, hapo ndipo akili yangu inapogonga ukuta, na kwenye jalada la kaka kosa ni moja, jiwe, nikisema ni mimi yatakuwa mawili, jiwe na jina, na la jina afande hatanicheka, kumdanganya askari, ataitazama ile nondo iliyopinda na kusema kumbe.

Cha pete. Legeza. Bado kidogo tu... afande, nasema, na sauti inatoka nyembamba, si yangu, ni ya yule wa miaka kumi na saba. Subiri, kijana, kimebaki kidole kimoja, anasema, na kaka hageuki, mabega yake tu ndiyo yanashuka kidogo, au naona vibaya, rola inalia kwii, kidole kidogo cha kushoto kinaelekea kwenye wino, na mimi nimekusanya magoti, bado nimekaa, natafuta niingilie wapi, nitaanza na jina? nitaanza na tarehe? hapana, nikianza na jina nitamaliza kwa sifa, najijua, nitaanza na lile ambalo hata karakana hawajalisikia. Orodha ya wachezaji ilibandikwa ubaoni pale uwanjani, wakasema aliye karibu asome, mimi ndiye nilikuwa karibu, nikasoma, nikasoma vibaya, na mtoto wa miaka kumi na moja, mwembamba, daftari lake kwapani, akanisahihisha, hakunicheka hata, alinisahihisha tu kwa adabu, si hivyo, kaka, ni hivi, akaweka kidole chini ya neno, kama mwalimu, na asubuhi ileile Mama alikuwa amesema ungekuwa kama kaka yako hata siku moja, na jiwe lilikuwa pale, na nilimlenga yeye, na sikukosea. Hakukuwa na mbwa.