Pembe ya Kwanza Aliinywa Njuki

Ciakuthii hakuwa na mume, kwani Nthiga alikufa kwa kichomi kabla Hali ya Hatari haijatangazwa. Hakuwa na mtoto, wa kiume wala wa kike. Hakuwa na viatu, hakuwa na taa ya chemni, hakuwa na meno mawili ya mbele, na katika kijiji kipya cha Kibugu, ambamo serikali iliwarundika watu kama magunzi kwenye gunia, hakuwa hata na ukuta wake wa kushoto. Ule ulikuwa wa jirani. Hakuwa na kadi ya chama cha akina mama, kwa hiyo kila asubuhi alipelekwa kuchimba handaki kando ya msitu, la kuwazuia wapiganaji wa msituni wasifike kijijini. Wenye kadi walibaki kijijini wakijifunza kuoka keki.

Alichokuwa nacho ni mbuzi kadhaa na shamba. Shamba lenyewe liliteremka polepole hadi mtoni, udongo mweusi, juu mahindi na maharagwe meusi ya njahi, chini nduma, yaani magimbi, zenye majani kama masikio ya ndovu.

Shamba hilo lilimkosesha usingizi shemeji yake Njuki, mdogo wa marehemu. Njuki sasa alikuwa hedimani, mkuu wa kijiji aliyewekwa na serikali. Alikuwa na koti la kaki, baiskeli, na filimbi aliyoipuliza hata alipowaita kuku. Mkewe Kagure alikuwa mwenyekiti wa chama cha keki, mwanamke pekee wa kijiji aliyevaa viatu siku isiyo Jumapili.

Habari zilikuwa zimefika kwamba serikali itapima mashamba, na kila shamba litaandikwa kwa jina la mwanamume. Mjane mwenye mwana, shamba la mwanawe. Mjane asiye na mwana, shamba linarudi kwa ndugu ya mume. Na aliyekuwa akiandika majina ya Kibugu ni Njuki mwenyewe.

"Shemeji," alimwambia kwa sauti ya asali, "umezeeka. Shamba linakuchosha."

"Handaki ndilo linalonichosha, shemeji, na anayenipeleka ni wewe."

Alicheka, naye Njuki akacheka, lakini usiku ule Ciakuthii hakulala vizuri. Kama shamba lingeandikwa kwa jina la Njuki, yeye angekula kwa kuomba ruhusa mpaka afe. Ndipo alipokumbuka desturi ambayo watu wa Embu walikuwa wameanza kuiweka pembeni kwa kumwonea haya padri. Mwanamke aliyefiwa na mume bila mtoto aweza kuoa. Hutafuta msichana, hutoa mbuzi kama mwanamume yeyote, na watoto wa msichana huyo huwa watoto wa marehemu, wenye jina lake na udongo wake.

Pembeni mwake handakini alichimba Njura, binti wa mzee Munyi. Njura alisoma mpaka darasa la nne, na mgongoni alibeba kitoto cha kiume alichokipata kwa karani wa Embu mjini, bwana mwenye kalamu mbili mfukoni na haya hata moja hana. Bado alikuwa hajampa mtoto jina la kueleweka.

"Njura, una mchumba?"

"Wa nini, mama? Yule wa kwanza bado ananitosha."

"Basi nataka kukuoa mimi."

Njura aliweka jembe chini. Akamtazama kuanzia miguu isiyo na viatu hadi pengo la meno.

"Utanipiga?"

"Sijawahi kupiga hata mbuzi."

"Utakuwa unalewa?"

"Nikipata."

Njura alicheka mpaka askari akawafokea. Walipoinama tena kuchimba, aliuliza kwa sauti ya chini, "Na mtoto huyu?"

"Ataitwa Nthiga. Atakuwa na shamba, na hakuna atakayemwuliza alitoka wapi."

Njura alirusha udongo juu ya ukingo. "Na mimi nikipenda mtu siku moja?"

"Awe na adabu, na asiguse nduma zangu."

Mpaka askari anapuliza filimbi ya kurudi, uchumba ulikuwa umekamilika.

Kilichobaki ni pombe, kwa kuwa ndoa bila pombe ya asali ni maongezi tu, na pombe bila ruhusa ya hedimani ilikuwa jela. Ciakuthii alijifunga leso safi akaenda kwa Njuki.

"Shemeji, naomba ruhusa ya pombe na ya watu kukutana mchana. Kuna ndoa nyumbani kwangu."

Moyo wa Njuki uliruka. Kwa muda Kagure alikuwa akisambaza habari kwamba Murithi, mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Meru, anapita mlangoni pa Ciakuthii mara nyingi kuliko biashara ya mbuzi inavyohitaji. Mjane akiolewa kwingine, huondoka na nguo zake na kuacha shamba. Kumbe mambo yanaweza kuwa mepesi hivi! Hakuuliza nani anamwoa nani. Aliandika ruhusa upesi hata wino ukamwagika mezani.

"Na wewe, kama ndugu ya marehemu, uje uibariki pombe," Ciakuthii akasema.

"Nitakuwa wa kwanza!"

Na kweli alikuwa wa kwanza. Siku ya sherehe alifika kabla ya wazee, koti limepigwa pasi, Kagure nyuma yake akikwepa kinyesi cha mbuzi kwa viatu vyake. Wazee wa ukoo waliketi. Mzee Munyi naye aliketi, na Njuki akadhani amefuata harufu ya asali.

Pembe ya kwanza ya pombe hupewa ndugu ya marehemu. Akishainywa, ukoo umeikubali ndoa, na hawezi kuitapika kesho yake. Njuki aliipokea kwa mikono miwili, akanyunyiza kidogo chini, akainywa yote kwa pumzi moja, akajifuta.

"Sasa, bwana harusi yuko wapi?" akauliza kwa furaha. "Mmeru wetu amepotea njia?"

Ciakuthii alifungua zizi. Mbuzi walitoka mmoja mmoja, naye akawaswaga hadi mbele ya mzee Munyi.

"Shemeji!" Njuki alisimama. "Mbuzi wanaenda wapi? Mbuzi wanapaswa kuingia!"

"Wanaenda kwa mkwe wangu."

Njura akatoka nyumbani, mtoto kiunoni, akaenda kusimama kando ya Ciakuthii. Mzee mmoja alielewa, akamgusa mwenzake. Kicheko kikazunguka uwanja.

"Sikukubali!" Njuki alipiga kelele. "Mimi sikukubali jambo hili!"

"Njuki mwanangu," mzee wa ukoo alimwambia, "hebu itazame hiyo pembe uliyoshika."

Ilikuwa tupu.

Lakini mtu mwenye filimbi hakosi njia. Njuki alikataa kuliandika jina la mtoto, akakataa pia kuwapa watu wa nyumba ile pasi, karatasi ya ruhusa ya kutoka, na bila pasi hakuna aliyevuka lango kwenda Embu. Orodha yake ingefika kwa Bwana DO, afisa wa serikali huko Embu, wiki hiyohiyo. Njura aliandika barua yao wenyewe kwa DO, ikakaa juu ya mtungi bila mtu wa kuipeleka.

Asubuhi moja Kagure aliingia, viatu mkononi kwa sababu ya matope.

"Dada, zile nduma za mtoni Njuki aliniahidi mimi."

"Najua, Kagure."

"Jana nimesikia amemwahidi msichana wa Runyenjes. Anataka kumwoa na kumjengea hapohapo."

"Pole sana."

"Pole haipikwi, dada. Mimi leo naenda Embu kwa mambo ya chama, pasi ninayo, na najua mna barua. Kuta za kijiji hiki ni nyembamba. Mistari mitano ya nduma kila msimu, nami nitaifikisha."

"Miwili," Ciakuthii akasema.

"Minne. Hivi viatu vinatembea mbali."

"Mitatu, na kadi za chama. Mbili."

Kagure alimtazama, akamtazama na Njura. "Mnataka kuoka keki ninyi?"

"Tunataka kuacha kuchimba," Njura akajibu.

Kagure alicheka, akatoa kadi mbili kikapuni. Njura aliisoma barua kwa sauti mara moja ya mwisho: shamba ni la nyumba ya Nthiga, mrithi ni Nthiga mdogo, na wazee waliowala mbuzi wa ndoa ni fulani na fulani, pamoja na Njuki aliyeinywa pembe ya kwanza. Ciakuthii alipaka kidole masizi ya chungu, akakigandamiza chini ya barua kuwa sahihi yake. Gundi haikuwepo, kwa hiyo Njura alichota uji mzito wa mtoto, akaupaka kwenye mdomo wa bahasha, akaugandamiza kwa kiganja mpaka ukashika. Kagure aliitia kikapuni, akaifunika kwa kitambaa cha mayai, akavaa viatu, akatoka nayo langoni.