Kiganja Kwenye Gurudumu

Jumatano, tarehe ishirini na mbili Aprili. Asubuhi hiyo yadi ya malori ilikuwa kavu na jua lilikuwa limeshachomoza, lakini mlima ulikuwa umejifunga wingu kichwani kama mtu anayeumwa kipandauso. Fundi wa breki aliutazama, akafuta mikono kwa tambara, akamwomba Mungu lile wingu likae hukohuko.

Siku hiyo binti yake alikuwa anapimwa. Alikuwa ameendesha malori ya mjini kwa miaka mingi bila kumkwaruza mtu, lakini njia ya mlimani haikuwahi kukabidhiwa mwanamke katika yadi ile, na nafasi ilikuwa moja tu. Akishindwa, angesubiri mpaka dereva mwingine astaafu.

Mtihani wenyewe haukuwa wa karatasi. Dereva alipanda na tela tupu, akapakia saruji kiwandani kileleni, akaishusha kwenye ghala la katikati ya mlima, kisha akamalizia mteremko hadi chini. Hapo mkaguzi mzee aliyekaa kando ya dereva, ambaye wote walimwita Kiganja, aliteremka na kugusa vitovu vya magurudumu kimoja kimoja. Kiganja chake kikitulia, umefaulu. Kikiruka kwa joto, basi umeshuka kwa breki za mguu badala ya kushuka kwa injini, rudi mjini. Na aliyemdhamini dereva alikaa kwenye kitanda nyuma ya viti, marufuku kufungua mdomo. Akitamka neno moja, mtihani umekwisha.

"Fundi!" aliita dereva mmoja mcheshi aliyeitwa Honi. "Umebeba plasta ya kujibandika mdomoni? Wewe kunyamaza safari nzima, hata mkeo haamini!"

"Nyamaza wewe. Mwaka huu tu nimeshabadilisha lainingi za breki zako mara mbili. Sijui unaendesha lori au unapiga pasi!"

Madereva wakaangua kicheko. Binti naye akacheka huku akizunguka lori, akipiga matairi teke na kukagua mipira ya upepo. Kisha akainamisha kichwa kidogo mlangoni, kama mama yake alivyomzoeza, akaomba kimoyomoyo, akapanda.

Baba yake alikuwa amemfundisha mlima juu ya meza ya jikoni, kwa sinia lililoinamishwa na kiberiti kilichogeuzwa lori. "Breki za mguu ni akiba," alikuwa akimwambia. "Ukizikanyaga mteremko mzima zinachemka, na zikichemka zinakukatalia. Chagua gia ndogo ukiwa bado juu. Washa breki ya injini. Injini yenyewe ndiyo ikushike, mguu ukae tayari tu." Alijua anachosema. Maisha yake yote alikuwa akipokea breki zilizoungua hadi zikanuka.

Walipofika kileleni wingu lilikuwa limesogea kando na lami ilikuwa kavu. Walipakia. Kwenye kibao cha mwanzo wa mteremko binti alipunguza mwendo, akashusha gia, akabonyeza swichi kando ya usukani. Injini ikanguruma kwa sauti nzito, na lori zima, na saruji yake yote, likatulia kama ng'ombe aliyeshikwa kamba. Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mguu ulikuwa haujagusa breki. Nyuma ya viti Fundi alitabasamu peke yake gizani. Huyo ndiye mwanangu, alisema moyoni.

Ghalani, wakati wapakuzi wanashusha mifuko ya mwisho, mvua ikaanza. Haikuwa kubwa, lakini ilitosha kuteremsha udongo mwekundu kutoka kingoni na kuupaka barabarani.

Waliondoka na tela tupu. Mwanzoni mwa mteremko Fundi alisikia swichi ikilia: *tik*. Alisubiri mngurumo. Haukuja. Binti alikuwa amezima breki ya injini.

Amesahau! Maneno yalimfika mpaka kwenye meno. Alivua kofia yake akaing'ata. Neno moja lingemnyima mwanawe njia. Kunyamaza je, kungewanyima nini wote watatu? Ee Mola, aliomba, mkumbushe wewe, maana mimi nimefungwa mdomo.

Lakini binti hakuonekana kama mtu aliyesahau. Alikuwa ameshusha gia chini zaidi, akawa anatambaa mwendo wa mtu anayetembea. Paliponyooka, kabla ya kona, alikanyaga breki ya mguu polepole na kuiachia. Ndani ya kona hakugusa kitu. Nyuma yao lori jingine tupu lilipiga honi na kupiga tena, kisha likawapita huku breki yake ya injini ikinguruma.

"Mwendo wa harusi huo!" dereva wake alipaza sauti dirishani.

Walimkuta kona mbili mbele. Tela lake lilikuwa limezunguka na kulala kwenye mtaro, naye amesimama mvuani, mikono kichwani, mzima. Binti aliegesha, akampa koti, akasaidia kuweka pembetatu za tahadhari, ndipo akaendelea.

Kiganja alimgeukia. Sasa aliuliza, "Mbona uliizima?"

"Breki ya injini inashika magurudumu ya kichwa cha lori tu, mzee," binti alijibu bila kuondoa macho barabarani. "Tela tupu halina uzito wa kuyakandamiza. Kwenye lami iliyolowa yanateleza, halafu tela linakuja kutusukuma. Breki ya mguu inashika mpaka gurudumu la nyuma kabisa. Na kwa kuwa hatuna mzigo, haiwezi kuchemka haraka."

"Nani kakufundisha hayo?"

"Baba kanifundisha mlima. Mvua nimefundishwa na wale walioteleza. Niliwafuata gereji ya wapiga bodi, nikawauliza mmoja mmoja."

Fundi alitoa kofia mdomoni. Ilikuwa kweli. Kwake yeye zililetwa breki zilizoungua tu. Malori yaliyoteleza yalipelekwa kunyooshwa kwa wapiga bodi, gereji ya pili, ambako hakuwahi kukanyaga. Machozi yalimlengalenga, na hayakuwa ya aibu hata kidogo. Mtoto alikuwa amempita, na alijiona mrefu zaidi kuliko siku yoyote ya maisha yake.

Chini ya mlima Kiganja aliteremka. Aliweka mkono kwenye kitovu cha kwanza, akautuliza. Akaenda cha pili. Alizunguka lori zima bila haraka, akarudi akijifuta matope.

"Vuguvugu," alisema. "Umefaulu. Fundi, ongea usije ukapasuka."

"Mungu mkubwa!" Fundi alipiga kelele hadi binti akaruka kitini. "Washa, mwanangu! Ingia getini ukinguruma, wakusikie!" Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya yadi: aliyefaulu aliingia na mngurumo, aliyeshindwa aliingia kimya.

"Baba, hapa ni tambarare, nashika nini? Na mkabala na geti kuna zahanati. Kuna watu wanaumwa mle."

Basi wakaingia kimya. Madereva waliokuwa wakisubiri walishusha macho. Honi mwenyewe alivua kofia.

"Pole, Fundi. Pole, dada. Mlima haukimbii."

"Pole ya nini?" Kiganja alisema akishuka. "Shikeni hayo magurudumu. Halafu mwende mkamvute mwenzenu, yuko mtaroni na ngurumo zake."

Walishika. Honi alishika mara mbili, akatikisa kichwa, akaanza kupiga makofi, na yadi nzima ikamfuata.

Kisha wakanyamaza, kwa kuwa ilibaki ahadi ambayo kila dereva mpya wa mlimani huitoa. Binti aliweka kiganja kwenye gurudumu la mbele, baba yake amesimama kando yake na kofia iliyotafunwa mkononi.

"Naahidi mbele ya Mungu na mbele yenu nyote," alisema kwa sauti. "Gia yangu nitaichagua juu, kabla ya mteremko. Nikiwa na mzigo na lami ni kavu, mtanisikia nikinguruma. Mvua ikinyesha na tela ni tupu, nitashuka kimya, na anayenipigia honi apige mpaka achoke. Na kila nitakapoupanda mlima huu, Baba, nitashuka nirudi nyumbani."