Vigingi vya Sarqol

Injinia Zewar alishuka garini asubuhi na kukuta mstari wake haupo.

Jana jioni vigingi vilikuwa vimesimama kando ya mfereji mkuu, kuanzia mashamba ya viazi hadi mdomoni mwa korongo, kila kimoja kikiwa na utepe kichwani. Sasa vilibaki vishimo tu. Tena yale majabali yaliyolala kandokando ya njia hiyo, makubwa kiasi kwamba hata jozi ya maksai isingeyasogeza, yalikuwa yamepakwa rangi nyekundu.

Vibarua wake wawili walisimama palepale barabarani. Katika Bonde la Sarqol, kama kwingineko Afghanistan, mtoto huzijua rangi hizo kabla ya kuzijua herufi: jiwe jeupe, pita; jiwe jekundu, mbele yake kuna bomu lililotegwa ardhini.

"Hapa palisafishwa," Zewar aliwaambia. "Mawe meupe mliyaona wenyewe."

"Tuliyaona, Injinia," alijibu mkubwa wao. "Na leo tunayaona mekundu. Mimi miguu ninayo miwili tu, na yote bado naitumia."

Zewar hakuwalaumu. Alisimama akiutazama udongo uliovurugwa huku akihesabu saa zilizobaki. Kesho asubuhi tume ya kupanga reli ingefika kutoka Kabul. Wakubwa wa tume walikuwa wamebishana miaka mingi kuhusu reli ya nchi isiyo na bahari, ambayo majirani zake wametandika reli za upana tofauti, na kila jirani anataka wake ndio ufuatwe. Zilikuwa zimebaki njia mbili mezani: ya kusini, inayozunguka milima mbali na watu, na hii ya Sarqol. Mwenyekiti alikuwa ametamka wazi kwamba ataitembea njia ya Sarqol kwa miguu, kigingi kwa kigingi; asipokuta kitu cha kufuata, njia ya kusini itapita.

Aliyekuwa akiiombea njia ya kusini alionekana pale juu barabarani, ameketi kwenye kiti cha plastiki kando ya kizuizi chake cha minyororo. Kamanda Sarwar alilishika bonde wakati wa vita, na vita ilipohamia kwingine, yeye hakuhama. Kila lori la viazi lililotoka Sarqol lilisimama kwake hadi lilipe ushuru wake; treni isingesimama. Majira fulani ya theluji, mama yake Zewar alikuwa nyuma ya lori mojawapo, akipelekwa hospitali. Lori lilisimama mpaka kulipopambazuka. Alipofika hospitali alikuwa wa kuzikwa tu. Zewar alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili wakati huo, na tangu siku ile hakuwahi kuchora ramani yoyote bila kutafuta kwanza namna ya kukipita kizuizi kile kwa mbali.

Alipanda hadi pale alipokaa Kamanda.

"Salaam, dada Injinia," alisema Kamanda, akipuliza chai yake. "Nasikia treni yako imechelewa."

"Treni haijambo, Kamanda. Vigingi ndivyo vilivyotembea usiku."

"Kwa vigingi muulize Bibi Mahgul. Wiki iliyopita si alivitia tanurini akaokea mikate?"

"Bibi Mahgul hapaki majabali rangi."

Kamanda alicheka. "Mabomu haya, dada, yana tabia ya kurudi. Mimi nawahurumia watu wangu tu. Rudi Kabul ukachore huko, penye meza nzuri na zulia. Nani alimtuma binti wa Sarqol kuja kupima milima?"

"Milima yenyewe," alisema Zewar. "Ilichoka kukutazama wewe."

Akateremka bila kuaga. Aliyashinda maneno ya Kamanda, lakini vishimo vilikuwa bado vitupu.

Bibi Mahgul alimwona akiingia uani, akainua mikono yake iliyojaa unga.

"Safari hii si mimi!" alisema kwa sauti kabla hata ya salamu. "Naapa, mwanangu! Vile vya kwanza nilivichoma, sikatai. Kuni kavu, zimechongwa vizuri, zimesimama tu shambani hazina mwenyewe! Vya jana sikuvigusa."

"Najua, Bibi. Nimekuja kumwona mirab."

Mirab, yaani msimamizi wa maji ya bonde zima, alikuwa kwenye zulia kando ya tanuri akimenya kiazi cha moto. Jina lake Chaman, shemeji yake Bibi Mahgul. Alimsikiliza Zewar hadi mwisho, kisha akauliza jambo moja tu.

"Mstari wako uko umbali gani na mfereji wangu?"

"Hatua chache tu. Sehemu nyingine unagusa ukingo."

"Basi ukingo wangu umevurugwa." Chaman alimalizia kiazi chake, akajifuta vidole. "Leo baada ya adhuhuri kuna hashar."

Bibi Mahgul aliacha kukanda. Hashar ni kazi ya pamoja ya kuzibua mfereji, nayo haikataliwi. Kila nyumba hutoa mtu mmoja na koleo lake, na kila nyumba ina kipande chake cha mfereji, kilekile walichochimba babu zao. Nyumba isiyotoa mtu haipati zamu ya maji majira ya kuchipua, iwe ya tajiri, iwe ya imamu.

"Shemeji," alisema Bibi Mahgul taratibu, "nyumba hii ina mwanamume mmoja tu, mwanangu Safdar. Naye yuko kule juu na bunduki ya Kamanda."

"Bunduki aiache. Aje na koleo."

Chaman alipanda juu ya paa na kuita kwa sauti ile iliyozoeleka hadi korongoni. Adhuhuri ilipopita, watu walikuwa wamejipanga barabarani, makoleo mabegani, macho yote kwenye majabali mekundu. Walikuwamo vijana sita wa Kamanda, wana wa bonde hilohilo, wamefunga vilemba vyao kiunoni kama wachimbaji wengine. Kule juu Kamanda alikuwa amesimama, kiti chake kimebaki nyuma yake.

Bibi Mahgul alifika amebeba mzigo wa fito mbichi za mpopla alizokata kwenye miti yake mwenyewe, miti aliyoitunza kwa ajili ya paa la mwanawe atakapooa. Aliutua miguuni pa Zewar.

"Nilichoma vyako, shika vyangu."

Chaman alianza kuwataja watu kwa mpangilio wa mfereji, nyumba ya juu kwanza. Kila mtu alikwenda mkabala na kipande chake na kusimama kando ya barabara, nje ya mawe, asisogee zaidi.

"Nyumba ya marehemu Nauroz."

Safdar aliitika kwa jina la baba yake. Tangu utotoni alikuwa ameitwa hivyo kila mwaka, na kila mwaka alikuwa ameteremka kwenye kipande kilekile kwa mwendo uleule. Akatupa koleo begani, akapita katikati ya majabali mawili mekundu, akashuka hadi mferejini, akakita koleo kwenye tope na kuanza kuchimba.

Alichimba koleo la kwanza, la pili, ndipo alipoutambua ukimya. Aliinua uso na kuona watu wote wamesimama ng'ambo ya mawe.

"Safdar," mama yake aliita kutoka barabarani, sauti yake tamu kama ya mtu anayemkaribisha mgeni. "Hapo uliposimama pana mabomu, mwanangu. Au hukuambiwa?"

Mtu mmoja alikohoa. Mwingine akashindwa kujizuia, akacheka, na kicheko kikasambaa kwenye mstari mzima wa makoleo. Safdar aliwaka uso. Alitazama juu, kwa Kamanda, aliyemwonyesha kwa mkono atoke. Kisha alimtazama mama yake, na rundo la fito lililokuwa paa lake.

Zewar alitwaa ufito mmoja na nyundo. Alijua kwamba mguu wa mtu mmoja umekanyaga sehemu moja tu, na kwamba ardhi iliyobaki ilikuwa bado haijajibu. Hata hivyo alipita katikati ya majabali yaleyale, akifuata nyayo za Safdar, hadi akasimama mbele yake.

"Ni kipande hiki tu," alimuuliza kwa sauti ya chini, "au rangi imepakwa hivihivi hadi korongoni?"

Safdar aliliweka koleo chini. "Hadi korongoni, Injinia. Hakuna kitu. Ni rangi tu." Akanyoosha mkono. "Lete nyundo hiyo. Wewe elekeza."

Vijana wale wengine watano waliingia wa kwanza, kila mmoja kwenye kipande chake, bila kuangalia chini. Nyuma yao bonde zima likaingia. Zewar alisimamisha darubini yake ya kupimia juu ya miguu yake mitatu, akawa anawaonyesha kwa mkono, kushoto kidogo, kulia, hapo! na nyundo zikajibu.

Kamanda alishuka mwenyewe jua lilipokuwa linaegemea milima.

"Vyote hivi," alisema, "nitaving'oa usiku."

Zewar hakuondoa jicho kwenye darubini. "Na nani, Kamanda?"

Kamanda aligeuka kuwatafuta watu wake. Walikuwa mferejini, wamejaa tope hadi magotini, wakigombania mikate ya Bibi Mahgul. Hakuna aliyemgeukia.

Asubuhi tume ilipofika, mwenyekiti alishuka garini na kuitandaza ramani juu ya boneti. Aliitazama, akatazama safu ya fito za kijani zilizopita katikati ya mawe mekundu hadi mdomoni mwa korongo, akakunja uso.

"Mawe haya ni mekundu, Injinia."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Wapakaji wenyewe ndio watakaotutangulia." Safdar na wenzake walikuwa tayari wamesimama kwenye kigingi cha kwanza, bila bunduki.

Mwenyekiti aligusa ufito uliokuwa karibu. "Na vigingi gani hivi vyenye majani?"

"Hivyo ni vibichi," Bibi Mahgul alidakia kutoka nyuma, "ili mimi mwenyewe nisishawishike. Haviwaki!"

Mwenyekiti aliikunja ramani, akaitia kwapani, akaanza kutembea.