Sifuri ya Mwenyekiti

"Andika sifuri, binti, tusipotezeane muda," Byabato, mwenyekiti wa kijiji, alimwambia Nuriat, mtafiti aliyetoka Bukoba mjini kuhesabu watu wasiojiona kuwa wanaume wala wanawake. "Kagoma yote naijua kama migomba yangu. Hapa kuna wanaume na kuna wanawake, basi!"

Alikuwa na sababu ya kuing'ang'ania sifuri yake. Mwaka jana mwanawe Kyaruzi alimwambia kwamba hajioni kuwa mwanamume wala mwanamke. Byabato akafoka: "Dunia nzima uko peke yako! Toka kwangu!" Kyaruzi akatoka kweli, akavuka ziwa hadi kisiwa cha Bumbire, na mpaka leo anaanika dagaa huko. Mdomo huponza kichwa, na wa Byabato uliponza nyumba nzima. Sasa ikionekana kuna wengine, basi alimfukuza mtoto kwa uongo.

Nuriat naye hakuwa wa kuyumbishwa. "Mzee, ukimuuliza mtu mbele ya wakwe zake, utapata sifuri hata ukiuliza nani anakoroma."

Akaweka chungu nyuma ya pazia. Kila mtu aliingia peke yake na sarafu, na punje mbili za kahawa: mbichi, na ile iliyochemshwa na kukaushwa, ya kutafuna. Rusha sarafu. Kikija kichwa, tia ya kutafuna, uwe nani uwe nani. Akija mnyama, sema kweli: mbichi kama wewe ni mwanamume au mwanamke, ya kutafuna kama hujioni huku wala kule.

Byabato akarusha, kikaja kichwa. Akatia ya kutafuna huku akisonya. Alipotoka ndipo akaelewa kwamba hata akichungulia chungu hawezi kumnyooshea mtu kidole, maana na yake imo. Lo, binti kanipata, aliwaza.

Kijiji kimoja hakitoshi kukisia, kwa hiyo Nuriat alikwenda pia Kaagya na Bukoba mjini. Aliporudi, alimkuta Byabato na mkewe Edvina uani.

"Sarafu peke yake ingetoa nusu," alisema. "Za kutafuna zimezidi nusu, na hiyo ziada, ukiizidisha mara mbili, ndiyo watu wenyewe, maana nusu yao walipata kichwa. Ni wachache katika kila mia. Siwezi kuapa kwa kijiji kimoja, lakini kwa ukubwa wa Kagoma, mzee, hawakosi."

"Si ndiye huyo Kyaruzi!" Byabato akadakia.

"Kyaruzi hayupo," Edvina alisema. "Ulimfukuza. Hao ni wengine."

Mzee akawapitisha akilini watu anaosali nao, waliomsaidia kumzika kaka yake, wanaomwamkia kila asubuhi. Baadhi yao walimsikia akitamba na sifuri yake, na bado wakamwamkia. Aibu ikampanda hadi masikioni.

"Nipe simu," alimwambia mkewe.

Iliita mpaka akakata tamaa, kisha ikapokelewa.

"Kyaruzi, mwanangu, ni baba. Nilikudanganya. Hauko peke yako."

"Hilo nalijua, tata," Kyaruzi akajibu, akimwita baba kwa lugha ya nyumbani. "Huku tuko watatu. Wewe ndiye baba wa kwanza kupiga simu."