Nani Hajamwachia Mama

Mama mkwe wangu, Kadidja, alikonda mpaka pete yake ya ndoa tukaizungushia uzi isimdondoke, na bado hakufa. Nasema hivi bila haya kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akilalamika kwamba hafi. Hospitali walikuwa wamemrudisha nyumbani na uvimbe wake tumboni. Ulikuwa mwaka wa vita na vikwazo, nchi jirani zimefunga mipaka, na dawa Gitega nzima ilikuwa ya kutafutwa kwa tochi.

Kwetu Nyamugari, mgonjwa akikawia namna hiyo watu huanza kuulizana: nani hajamwachia? Maana yake yuko mtu mwenye kinyongo naye, na kinyongo hicho ndicho kinachoizuia roho isitoke. Imamu alisema hayo ni maneno ya mtaani, roho iko mikononi mwa Mungu. Kisha akavua viatu, akaingia, naye akamwachia. Walikuja wote, hata jirani aliyewahi kugombana naye juu ya kuku. Kila mmoja alimshika mkono akasema, "Nimekusamehe, nimekuachia, nenda na radhi." Mimi nilikuwa nikiwachemshia chai. Mama aliwashukuru wote, na kesho yake akaamka kama kawaida.

Akabaki mmoja, wifi yangu Mwajuma, aliyeolewa Muyinga. Mama alimwoza akiwa msichana mdogo kwa mfanyabiashara wa Kobero, kule mpakani, mwenye umri wa baba yake. Tangu hapo Mwajuma alituma chumvi na sukari kila Idi, lakini salamu hakutuma hata moja. Mume wangu Hamissi, fundi cherehani, akampelekea ujumbe kwa dereva wa lori: njoo umwachie mama.

"Huyo akikubali kuja, ujue iko jambo anatafuta," nikamwambia Hamissi.

"Ni dada yangu, Yasmina."

"Ndiyo maana nakuambia."

Akafika Alhamisi kwa njia ya Karuzi, viatu mkononi, kwa sababu wanajeshi waliwateremsha kwenye lori wakatembea sehemu kubwa ya safari. Hakueleza alichokiona huko. Hakunisalimia pia. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye cherehani, palipokuwa na kitambaa cheupe kimekatwa na kukunjwa vizuri.

"Hiyo ni nini?"

"Bafta," akasema Hamissi, akitazama vidole vya miguu yake.

"Bafta ya nini?" Akakishika, akakiachia kama kimemuunguza. "Mmemkatia sanda mtu anayepumua! Njiani nimepita maiti hazijafunikwa hata na jani la mgomba, na ninyi hapa mnamkatia sanda mtu anayekunywa uji!"

"Mwenyewe ndiye ameagiza, wifi," nikasema.

"Ameagiza! Mgonjwa wa kulishwa kwa kijiko anaagiza!"

Anaongea Kiswahili cha ng'ambo ya mpaka, kile cha kunyooka, na akikasirika kinanyooka zaidi. Nikakazana na maharage yangu.

Jioni hiyo akaja Ghislaine na chupa. Ghislaine ni Mkongomani wa Uvira, muuguzi aliyekimbia vita vya kwao, na alikuwa na kiduka cha dawa pale Magarama. Mwajuma aliutazama msalaba shingoni mwake, akaitazama chupa, akarudi kwenye msalaba.

"Hii dawa inaponya?"

"Hapana, mama. Inatuliza tu maumivu."

"Inatuliza mpaka wapi?"

Ghislaine akanigeukia mimi nimsaidie. Wifi yangu akanigeukia pia, akaninyooshea kijiko. "Onja wewe kwanza."

Hasira zangu nazijua mwenyewe. Nikajaza kijiko, nikanywa, nikakilamba mbele yake. Kisha nikarudi jikoni kwa kishindo, nikakaa kwenye kigoda nichochee moto. Nilichokumbuka baada ya hapo ni harufu ya maharage yaliyoungua, na Mwajuma amenisimamia, mikono kiunoni.

"Umeona?" akasema. "Mzima kama wewe umelala kama gogo. Je, mama?"

Akaifunga chupa kwenye pindo la kanga yake, akaikaza kiunoni. Tokea hapo kila tulichompa mama alikionja yeye kwanza, hata maji. Nami nikaanza kumuwazia mabaya. Niliamini amekuja kulipiza. Kumwachia mama hataki, kumpa dawa hataki, anataka mama alipe ile ndoa ya Kobero kwa maumivu. Nilimchukia, na nilimtazama kila alipoinama kitandani, nikisubiri nimkamate akitabasamu.

Ijumaa mama alishinda bila dawa. Mwanzoni aliuma shuka, halafu akashindwa, na majirani wakawa wanapita upande wa pili wa njia. Hamissi alikwenda kuswali, akakawia msikitini makusudi. Ghislaine alikuja akamsihi Mwajuma, "Mupe kijiko moja tu, mama, tafadhali." Mwajuma akatikisa kichwa huku machozi yanamtiririka. Machozi yale sikuyaamini.

Hamissi aliporudi, mama akatuita sote, na Ghislaine pia. Alisema kwa vipande, akipumzika katikati.

"Mwajuma. Sanda ni mi niliagiza. Hamissi alikata akilia. Na ile chupa, nilimuomba Ghislaine anipe yote mara moja, nilale nisiamke. Akakataa."

"Mama! Na dhambi?" akasema Mwajuma.

"Ndiyo maana niliomba Mkristo."

"Na kwetu iko dhambi vilevile, mama," akasema Ghislaine taratibu. Akatueleza kwamba tangu siku ile humpimia mwenyewe kijiko kimoja kimoja, na chupa huondoka nayo, isibaki karibu na mama. Mwanamke huyo ndiye aliyefanywa mchawi na wifi yangu.

"Sasa chupa iko kwako," mama akamwambia binti yake. "Nipe yote, ama uniachie. Chagua."

Mkono wa Mwajuma ukashika fundo la kanga. "Yote mawili ni kukuua, mama. Huko njiani nimeona watu wameondolewa kama magugu, hakuna aliyewalilia. Nimefika kwako nimekukuta unapumua, nikasema Alhamdulillahi, angalau huyu. Halafu nikuondoe mimi, kwa mdomo wangu?"

"Bale wa njiani hawakuulizwa," akasema mama. "Mi naulizwa. Niko kwa kitanda yangu, watu yangu wananiona. Hiyo ni kitu kubwa, mwanangu. We unafikiri bale wangekataa?"

Mwajuma alifungua fundo, akapima kijiko kimoja, kimoja tu, akamnywesha na kumfuta mdomo. Chupa akamrudishia Ghislaine. Akapiga magoti, akauweka mdomo sikioni mwa mama, lakini sote tulisikia.

"Yule mzee wa Kobero. Nimekuwa na kinyongo na wewe miaka yote hii. Nimekusamehe, mama. Nimekuachia."

Nikaona aibu. Niliyemdhania mlipa kisasi alikuwa mtoto anayeogopa, basi.

Hamissi akaanza Yasini. Mama alifumba macho, uso umelegea, na sisi tukangoja, kila mmoja akiisikiliza pumzi yake. Hamissi akasoma mpaka mwisho. Mama akafumbua macho.

"Uji iko?" akauliza.

Mtu angeweza kucheka, lakini tulianza kutazamana. Mwajuma alimkazia macho Hamissi, ndugu yake, kama anayemuuliza umeficha nini. Hamissi akamtazama Ghislaine. Mimi nikawapima wote, nikawataja moyoni waliokuja na wasiokuja, hata imamu nikamtilia shaka. Nani amesema kwa mdomo tu? Nani hajamwachia?

Mama alikuwa akinitazama mimi.

"Na we, Yasmina?"

"Mi? Mi hatujakosana, mama. Nikuachie nini?"

"Walikuja wote. We ulikuwa kwa chai."

Hakuna aliyenikumbuka kwa sababu mkwe hahesabiwi, na mimi nilifurahi kutokumbukwa. Vita vilipoanza mama yangu mzazi alibaki Nyarusange. Sikumuaga, sikumzika, mpaka leo sijui amelala wapi. Kadidja ndiye aliyenilaza kitandani mwake mwezi mzima nikipiga kelele usingizini, na asubuhi hakuniuliza neno. Kumbe siku zote nilizokuwa nikimtafuta mwenye kinyongo, Kadidja nilikuwa nimemshikilia mimi, tena kwa mikono yote miwili.

"Sitaki," nikasema. "Sitaki uende."

Mama akangoja. Wifi yangu akanishika bega, nami sikuuondoa mkono wake.

Nikasema. "Nimekuachia, mama. Nenda na radhi." Kisha nikakaa palepale, nikikitazama kifua chake kikipanda na kushuka, nikiomba neno langu lisiwe na nguvu yoyote.